Mlango wa Zizi kwenye Nyumba ya Cherehani

Kila mgeni anayekuja kuiona nyumba yetu ya cherehani hapa Lupepo huzunguka mpaka nyuma, akauona ule mlango wa pili, akauliza ni wa nini. Mlango wenyewe unajulikana ulikotoka. Una mikwaruzo ya pembe, na chini umelika kwa mkojo wa ng'ombe. Mwalimu huwajibu kuwa ni mlango wa usalama, moto ukitokea wasichana wapate pa kutokea. Wageni wanafurahi, wanaandika. Moto! Kwa mvua ya huku kwetu, hata kuni za jikoni tunazibembeleza ziwake. Mimi nikisikia jibu hilo hutazama pembeni, maana nikifungua mdomo tutashinda pale mpaka jioni. Hapa hakuna wa kunikatiza, basi nitasema.

Mlango ule ulipatikana kwa ajili ya mtu mmoja, mkamwana wangu, mke wa kitinda mimba wangu. Mwanangu mwenyewe alikwenda Tunduma kutafuta kazi ya kupakia mizigo, akaniachia mke na mtoto mchanga, na simu anapiga siku akikumbuka kuwa ana mama. Binti alifika kwangu akiwa ameishia kidato cha pili. Baba yake alipofariki, ndugu waligawana migomba, wakagawana ng'ombe, wakasahau kuwa kuna mtoto anayesoma. Hakuna aliyemfukuza shule. Walimwacha tu akae nyumbani mpaka watu wakazoea kumwona nyumbani.

Lakini ana mikono huyo. Siku moja alichukua kitenge changu kilichochakaa, akakaa nacho kwenye kibaraza na sindano ya mkono, jioni mtoto akawa na gauni lenye kola. Niligeuza gauni lile ndani nje nikitafuta alipokosea, kwa sababu mimi ni mtu wa kutafuta. Sikupaona. Nikamwambia tu kwamba amemaliza uzi wangu.

Ndipo wakaja watu wa mradi. Walitukusanya kwenye ofisi ya kata, wakatueleza habari za vijana wanaoishi katika mazingira magumu. Nikageuka kumtazama huyu wangu, amekaa na mtoto anayenyonya, nikajiuliza mazingira gani hayo, mbona tuna ndizi, tuna maziwa, tuna mvua hadi tumeichoka. Shida ya huyu ni kwamba hakuna aliyemwambia njoo. Basi nilisikiliza. Wao wangeleta cherehani na mwalimu. Sisi tungetoa nyumba na nguvu zetu. Na mwisho wa mafunzo, msichana atakayekuwa amehudhuria, akashona nguo yake mbele ya wageni ikakubaliwa, angekabidhiwa cherehani yake akafanyie kazi kwake. Hapo nilisimama nikaandikisha jina lake kabla mzungumzaji hajamaliza. Alisema bado hajafika kwenye kuandikisha. Nikamwambia mimi nimeshafika.

Mwanzoni walisomea kupima na kukata tu, kwenye ukumbi wa ofisi ya kata, nyumba ikiwa bado haijawa tayari. Mwalimu alikuwa binti wa Tanga, mtoto wa fundi na mjukuu wa fundi, anavaa mtandio wake vizuri na baridi yetu inamtesa mpaka unamhurumia. Alikuwa akikutana nami sokoni ananiambia, "Bibi, mkweo ana jicho. Mkasi kwake haukosei." Nikawa namjibu kuwa jicho analo, tatizo ni kuamka. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaiweka ile cherehani kwenye kona ya sebule yangu, karibu na dirisha.

Sasa nyumba. Marehemu mume wangu alikuwa na mdogo wake, ambaye yuko hai mpaka leo na sauti yake inawazidi ng'ombe wake. Kando ya barabara alikuwa na nyumba ya tofali mbichi, zamani ilikuwa ikikusanyiwa maziwa. Aliposikia kata inatafuta nyumba, akaitoa bure. Hilo sitamnyima, aliitoa bure na kwa moyo. Tukachota mchanga mtoni, tukakandika, vijana wakapigilia bati upya. Siku ya kuhamia aliletewa soda, akapigiwa makofi. Makofi yale ndiyo yaliyotuponza. Kesho yake alikuja na kiti chake cha mianzi, akakiweka mlangoni. Sisemi karibu na mlango, nasema mlangoni penyewe, maana akikiweka nje ananyeshewa. Akakaa, akaweka fimbo magotini.

"Nalinda mali ya umma," alisema.

Kila asubuhi akitoka kukamua anakuja moja kwa moja, chai yake analetewa palepale, anaondoka giza likiingia. Wasichana wanampita kwa ubavu, wanasema shikamoo baba, wanacheka, wanaingia.

Hapa asiye Mnyakyusa lazima nimweleze. Kwetu mke wa mtu hamwoni baba mkwe wake, wala ndugu wa kiume wa baba mkwe. Akimsikia anakuja njiani, anaiacha njia, anaingia migombani, anajifunika na kugeuka mpaka apite. Na yule baba mkwe naye ana sehemu yake: akijua mke wa mwana yuko mbele, anakohoa, hasogei. Tunaita ukutila. Si ugomvi, ni heshima. Mimi niliishi na baba mkwe wangu mji mmoja mpaka akazikwa, na ukiniuliza alikuwa na sura gani, sijui. Kikohozi chake nakijua mpaka leo. Wengi wameacha mambo hayo, hasa kule mjini, mitaa ya Bulyaga na Bagamoyo yetu, si ile ya pwani, wanakaa na wakwe zao kochi moja wanatazama luninga. Shauri yao. Kwetu hatujaacha, na mkamwana wangu nilimfundisha mimi mwenyewe, na alikwisha fundishwa na bibi yake kabla yangu. Shemeji yangu ni mdogo wa baba mkwe wake. Kwake ni baba mkwe kamili. Na sasa alikuwa amekaa mlangoni.

Unadhani mimi niliona? Sikuona. Binti alikuwa anatoka asubuhi na mtoto mgongoni, anarudi alasiri. Nilijua yuko darasani. Mpaka siku mwalimu alipokuja kwangu, viatu vimejaa tope.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kaa huku, huko kuna moshi."

"Nimekuja kumwangalia binti. Anaumwa?"

"Nani anaumwa?"

"Mkweo. Tangu tuhamie nyumba mpya alikuja siku moja tu. Alifika kabla ya mtu yeyote, alfajiri, akakaa mpaka giza. Hakuinuka hata kwenda chooni, bibi. Mtoto kamlowesha, wenzake wanamcheka, yeye kimya. Baada ya hapo sijamwona."

Nilimwambia amekosea mtu. Akasema hajakosea. Akasema kuna msichana mwingine ng'ambo ya mto ambaye mama yake anakuja kunililia kila siku binti apate nafasi. "Wageni wanakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Jumatatu asipokuwa kwenye kiti chake, kiti nampa huyo mwenzake. Na cherehani inakwenda na kiti. Usinichukie, bibi."

"Sikuchukii. Kunywa chai uondoke."

Binti aliporudi nilimpokea mlangoni. Nikamwuliza anatoka wapi. Akapiga magoti, macho chini. "Kule kule, mama." Nikamwuliza kule wapi. "Kwenye mafunzo." Nikamwambia mwalimu ametoka hapa sasa hivi, kikombe chake hicho hapo. Nikamsema mpaka kuku wakatoka jikoni. Nilifikiri kuna kijana wa bodaboda, nikasema na hilo pia, kwa sauti. Hakulia, hakujitetea. Alichukua kikombe cha mwalimu akakiosha. Hakuna kitu kinachonipandisha hasira kama mtu kuosha chombo wakati nimemwuliza swali.

Asubuhi alipotoka nilimfuata. Kulikuwa na ukungu, si kazi kumfuata mtu kwenye ukungu wa Lupepo, unafuata kikohozi cha mtoto. Hakwenda barabarani. Alipita chini, akavuka kijito, akapanda kwenye migomba iliyo nyuma ya nyumba ya shemeji. Nikamkuta amekaa chini ya dirisha la nyuma, juu ya magamba makavu ya mgomba, mtoto amemfunika na mwavuli uliovunjika. Mbele yake ametandaza majani ya mgomba. Alikuwa anayakata kwa kisu cha jikoni. Kipande cha mbele, kipande cha nyuma, mikono miwili, kola, vyote vya majani, ameviunganisha kwa njiti. Ndani sauti ya mwalimu inasema, "Kwapa mliachie nafasi, mtu atainua mkono huyo." Na yeye huku nje anaachia nafasi kwenye jani.

Kuna watu wangelia. Mimi nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaziba.

"Wewe! Hii ndiyo shule?"

Aliweka kidole mdomoni, akaonyesha upande wa barabara. Na kule mbele, sawasawa kama aliitwa, shemeji akakohoa.

Nikaelewa yote mara moja. Nikakaa kwenye magamba.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamnong'oneza.

"Ningeanzaje, mama? Niseme baba anakaa vibaya?"

Mkwe hawezi kumshitaki baba mkwe, hata kumtaja ni vigumu. Niliyataka mwenyewe malezi mazuri, haya sasa, nimeyapata, yamekaa kwenye tope na mtoto mwenye mafua.

"Na cherehani utaijulia wapi? Jani lina kanyagio?"

"Nasikiliza miguu ya wenzangu," akasema.

Nikazunguka mpaka mbele. Shemeji alikuwa anakunywa chai.

"Ugonile, shemeji."

"Ndaga. Umekuja kujiandikisha? Umri umepita."

"Hamisha kiti."

"Kiti gani?"

"Hicho ulichokikalia. Mkwe wako anasoma hapa, na hawezi kupita."

Alishangaa kweli, nitamsema ukweli. Hakujua. Nani angemwambia? Binti hatamki jina lake, akimwona anapita anageuza uso, wasichana wengine hawataki matatizo. Akatua kikombe.

"Mkwe wangu gani?"

"Wa nyumbani kwangu. Una wangapi?"

"Mbona sijamwona?"

"Ungemwonaje, wewe! Ndiyo maana ya ukutila wenyewe."

Akafikiri. Nikadhani anafikiri la maana. "Basi apite tu," akasema, "mimi nitatazama ukutani."

"Apite akuruke magoti?"

"Sasa unataka nikae wapi? Nyumba yangu, nimeitoa, leo niwe mgeni mlangoni kwangu? Cherehani zikiibwa mtamwuliza nani? Na tangu lini baba akamkimbia mke wa mwana? Wewe umeliona wapi hilo?"

"Kaa kule chini ya paa la jirani, unaona mlango vizuri."

"Kule kunavuja."

"Shemeji, kaka yako alipokufa ulitaka kunirithi nikakukatalia. Naona umeamua kurithi mlango."

Wasichana ndani walicheka wote, hata cherehani zilisimama. Hapo nikajua nimeharibu. Mwanamume mzee ukimfanya achekwe na wasichana, hata kama alikuwa karibu kuinuka, hainuki tena. Alivuta kiti chake ndani zaidi, akafunga miguu.

Nikamwita mwalimu nje. Nikamweleza. Alinisikiliza kwa adabu, mtandio umefungwa mpaka kwenye kidevu kwa baridi.

"Bibi, hata kwetu mkwe anaheshimiwa sana. Lakini tunamsalimia, tunakula naye. Hawezi kujifunika kanga akapita haraka?"

"Apite haraka na mtoto mgongoni kwenye nafasi ya kupita kuku?"

"Basi amwambie mumewe aongee na mzee."

"Mumewe yuko Tunduma na simu haina chaji."

"Bibi, mimi nimepewa kazi. Mahudhurio ni mahudhurio. Nikianza kumweka aliye dirishani kuwa yupo, kesho wote watakuwa dirishani."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Kila mtu siku ile alikuwa na haki. Binti ana haki, mzee ana haki, mwalimu ana haki. Watu wa mradi walituuliza maswali mpaka tukachoka: nyumba ina vyumba vingapi, ina choo, kuna maji, nani masikini, nani yatima. Hakuna aliyeuliza nani atakaa mlangoni na nani hawezi kumpita. Na sisi wenyewe, wenye mila, tulibeba mchanga kichwani tukiimba, wala hatukuuliza.

Jumapili kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa natazama dirisha. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini nyumba yangu tuliijenga na mume wangu kwa mikono yetu, na dirisha nalijua. Dirisha lina kizingiti chake juu, tayari kinabeba ukuta. Ukitoa tofali zilizo chini yake mpaka sakafuni, umepata mlango, na nyumba haina habari. Nikamwomba Mungu anisamehe, nikaenda nyumbani kutafuta mtaimbo wa marehemu.

Jumatatu tulikwenda pamoja kwa njia ya chini. Binti alipoona nimebeba mtaimbo alisimama katikati ya njia.

"Mama, tutasemwa."

"Tumeshasemwa. Weka mtoto hapo pakavu. Jifunike, simama hapa karibu nami, utazame migomba. Na usikimbie. Umejifunika, umegeuka, sehemu yako umemaliza. Anayetakiwa kurudi nyuma ni yeye."

Nikapiga. Tofali mbichi haina ubishi, lile pigo la kwanza liliingia kama kwenye ugali. Ndani wasichana wakapiga kelele. Mwalimu akatokeza kichwa dirishani.

"Bibi! Mali ya mradi!"

"Mali ya mradi ni cherehani. Ukuta ni wa shemeji. Zisogeze, vumbi linakuja."

Nikapiga tena. Ndipo nikasikia kiti cha mianzi kimelia na fimbo inakuja mbio kwa kuzunguka nyumba. Alifika kwenye kona, akaona kanga. Niliona ncha ya kofia yake tu, kisha ikapotea. Alirudi nyuma kwa kasi ambayo sikujua anayo bado.

"Shemeji!" sauti ikatoka nyuma ya kona. "Unabomoa nyumba yangu!"

"Njoo unizuie!"

"Nitakujaje na umemsimamisha huyo hapo?"

"Basi kaa huko!"

Kisha fimbo ikaanza kuzunguka upande wa pili, taratibu. Kwenye kona ile nyingine kikohozi kikasikika.

"Yupo!" nikamwambia.

"Huku nako?"

"Huku nako! Katikati!"

Wasichana walikuwa wameshika midomo. Mwalimu wa Tanga, ambaye tangu aje hatujawahi kumwona meno, alikuwa ameinama kwenye meza ya kukatia na mabega yanamtikisika. Mimi sikucheka. Mtu mwenye umri wangu akishika mtaimbo hana pumzi ya kucheka. Niliendelea kupiga na mzee anaendelea kupiga kelele nyuma ya ukuta, kwamba atanishitaki kwa mwenyekiti, kwamba kaka yake angekuwepo ningeona, kwamba nisipige hivyo, nianzie juu nishuke chini, nitapasua tofali zote. Kwa hilo la mwisho nilimsikiliza. Kazi ikaenda vizuri zaidi.

Tundu lilipotosha, nikamgeukia binti. "Ingia."

Aliinama akambeba mtoto, akaruka vile vifusi, akaingia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake, ambacho msichana wa ng'ambo ya mto alikuwa amekikalia tangu asubuhi na mama yake amesimama nyuma yake. Mwalimu aliwatazama wale, akamtazama huyu mwenye vumbi kwenye kope, akatazama ukuta.

"Amefika kabla sijaita majina," akasema. "Kiti ni chake." Kisha akachukua kipande cha shuka, akakitundika katikati ya chumba, kati ya mlango wa mbele na cherehani, ili mzee akigeuka asione kitu. Hakuna aliyemwagiza.

Yule msichana wa ng'ambo aliinuka bila neno. Hilo halijanitoka. Nimemwambia binti kuwa siku akiwa na kazi yake, wa kwanza kumfundisha awe yule, na asiniletee maneno ya kuchoka.

Usiku ule mvua ilinyesha na tundu lilikuwa wazi. Asubuhi tulikuta mlango umeegemezwa kwenye mgomba, ule wa zizi, na bawaba zake na misumari imefungwa kwenye jani. Nilipopita mbele shemeji alikuwa kwenye kiti chake, anatazama barabara.

"Ng'ombe wanalalaje?" nikamwuliza.

"Wanalala macho. Mkipata mlango wenu mnirudishie wangu."

Mpaka leo hatujapata.

Ijumaa wageni walikuja. Binti alishona shati la shule mbele yao, na mguu wake kwenye kanyagio ulikuwa bado mgeni, uzi ulikatika, alianza upya, jasho linamtoka na baridi ile. Nilikuwa nimesimama nyuma ya watu nikisaga meno. Lakini alipofika kwenye kwapa aliachia nafasi, na mwalimu akavuta mikono ya shati lile huku na huku mbele ya wageni, halikukakamaa. Likakubaliwa. Akakabidhiwa cherehani, meza yake na kanyagio lake, na watu wakapiga makofi.

Sasa toka nayo. Mlango wa zizi ni mwembamba, meza haipiti. Tuliinamisha, tukageuza, tukasukuma, mguu mmoja ukabaki ndani. Haikuwa na njia ila ya mbele. Wageni wamesimama, hawaelewi tunangoja nini. Binti amejificha nyuma ya shuka. Nikaenda mpaka kwenye kiti.

"Shemeji."

"Nimesikia."

"Basi?"

Akainuka, akasema kwa sauti ya kusikika na wote kuwa anakwenda kuangalia ng'ombe, ingawa ng'ombe wako upande mwingine. Alibeba kiti chake akavuka barabara, akasimama kule chini ya mvua, mgongo kwetu, kiti kichwani kama mwavuli. Cherehani ikatoka. Binti akatoka nyuma yake, amejifunika, mtoto mgongoni. Mgeni mmoja alimwuliza mwalimu kwa nini yule mzee hataki kupigwa picha na wenzake. Mwalimu akasema ni mtu wa aibu. Shemeji yangu, mtu wa aibu!

Leo cherehani iko kwenye ile kona ya sebule yangu, karibu na dirisha. Kelele kutwa, nyuzi kwenye mboga, pini kwenye godoro. Wanafunzi wanakuja na sketi zilizochanika, wanakaa kibarazani kwangu na kanga kiunoni mpaka zishonwe, mjukuu wangu anawatambalia. Msichana wa ng'ambo ya mto anakuja naye, anakanyaga vibaya, anavunja sindano.

Na juzi shemeji ameniletea kitambaa cha suruali. Kakifunga kwenye gazeti. Kaniambia nisiseme ni cha nani. Binti alikiona tu akakisukuma pembeni kwa heshima, akasema atashona, lakini kupima hawezi, na mimi najua kuwa hawezi. Kwa hiyo ni mimi. Nimepanda kilima na futi shingoni, nimemsimamisha mzee wa watu mlangoni mwa nyumba ya cherehani ainue mikono, nimempima kiuno huku ananiambia nisibane, nimeshuka. Binti akauliza, mama, na urefu wa ndani? Sikuwa nimepima. Nimepanda tena.